Bosco Alivyomwingiza Baba Mkwe Chumbani Kwangu

Wengine wenu mmeshalisikia jambo hili kutoka kwa Mama Brayo, ambaye kila akilisimulia anaongeza ghorofa moja na watu kumi, kwa hiyo leo nimeamua kulitoa mwenyewe, niaibike kwa maneno yangu. Ndiyo, ni kweli. Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, mtu wa suti na kofia hata akienda dukani kununua chumvi, aliingia nyumbani kwangu, akapita sebuleni, akaingia chumba cha kulala na kuketi juu ya kitanda changu, mchana, siku ya soko, mbele ya mashahidi.

Kama wewe si Mgusii utaniuliza tatizo liko wapi, si mzee alichoka akakaa? Basi kaa nikueleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani ile heshima iliyochanganyika na haya, inayomweka mzazi mbali na nyumba ya mtoto wake aliyeoa. Baba haingii humo, na chumba cha kulala ndio usiseme. Mimi mke wa mwana simpi mkono, simgusi, na nikimpelekea chai naweka kikombe mezani halafu yeye anakichukua. Najua mjini watu wengi wameyalegeza haya, wengine hata wanakumbatiana, lakini si baba mkwe wangu. Tangu niolewe miaka minne iliyopita hakuwa amekanyaga hata ngazi ya kwanza ya ploti yetu, ile nyumba ya ghorofa tunayopanga. Akija Kisii anakaa chini, kwenye benchi la Mama Brayo anayeuza chapati na maharagwe pale langoni, mimi nashuka, tunasalimiana kwa mbali kidogo, ananiachia ndizi na mboga za chinsaga, anarudi zake Nyaramba. Nami, nawaambia ukweli, nilimpenda kwa hilo. Nilijiona mke wa mwana anayeheshimiwa.

Sasa mbwa.

Mume wangu ni mwalimu, na mwaka jana alihamishiwa Narok, akawa anakuja mwisho wa mwezi tu. Nikabaki peke yangu ghorofa ya tatu, karibu na soko la Daraja Mbili, na kelele zake zote zile ambazo mchana ni uhai na jioni zikiisha unabaki unasikiliza ngazi. Wiki moja wezi wakaiba nguo zangu zote kwenye kamba ya juu, hata soksi. Nikaanza kuogopa. Nikamwambia mume wangu, naye akamwambia baba yake, na baba yake akasema hilo ni jambo dogo, jike lake la mbwa limezaa. Ndivyo Bosco alivyokuja, akiwa ndani ya kikapu cha ndizi, mweusi mwenye mguu mmoja mweupe, na mzee alituma maneno kwamba huyu ametoka kwenye ukoo wa mbwa wanaokimbia, asikae bure.

Asikae bure. Na mimi nafanya kazi kwenye duka la vitambaa katikati ya mji, duka la familia ya Kihindi, napima na kukata mapazia kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mama Hansa, mwenye duka, ni mtu mzuri, lakini saa ni saa, na chakula cha mchana ni dakika arobaini. Hesabu mwenyewe Bosco alikaa bure kiasi gani.

Alipokuwa mdogo mambo yalikwenda. Alilala, alikojoa, alitafuna kandambili. Miezi sita ilipofika nikawa naishi na kiumbe ambaye ukigeuza ufunguo tu anaruka hadi usawa wa uso wako. Alikula mkono wa kochi. Alikula rimoti. Nguo zangu za ndani alizipenda kuliko nyama, nikawa siwezi kuzianika kwenye baraza, nikafunga kamba chumbani kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati, juu kabisa, juu ya kitanda (iwekeni hiyo kamba akilini). Majirani wakasema analia. Nikasema wanachukia mbwa. Nikamwachia redio ikiwa wazi, stesheni ya Ekegusii ili asikie lugha ya kwao, wakasema sasa wanasikia redio na mbwa.

Uwanja hatuna. Tuna ngazi. Kwa hiyo nilibuni mchezo, na nilijisifu sana kwa akili yangu. Asubuhi nashuka naye, nazunguka ploti mara mbili, halafu mchana nikija kwa zile dakika arobaini nashuka naye tena, namwacha chini kidogo anuse, kisha nachukua kifuniko cha sufuria na kukigonga, kang kang kang! Bosco anajua huo ni mlo. Anapanda ngazi zote bila kusimama, anapita mlangoni, anapita sebuleni na kurukia kitandani, kwenye ile leso yake kuukuu, anakaa hapo ulimi nje akingoja sahani. Mimi nafika nyuma yake nikihema. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi ya mbwa wa ukoo unaokimbia.

Na mzee kila Jumapili alipiga simu. Hatuongei mengi kwenye simu, mimi na yeye, tuna maneno yetu machache, lakini la mbwa halikukosa. "Bosco anakimbia?" Nami nikamjibu, "Anakimbia, Tata," (Tata ndiyo baba kwetu) "asubuhi na jioni, kuna uwanja mkubwa hapa nyuma." Uwanja! Sijui uwanja huo niliutoa wapi. Mara ya kwanza ulikuwa uongo mdogo wa kumaliza simu, mara ya pili ukaota nyasi, kufikia mara ya tano watoto walikuwa wanacheza mpira humo na Bosco anawafukuza. Mzee alicheka sana. Nilisikia kwa mama mkwe kwamba amewasimulia wenzake kanisani.

Basi siku yenyewe. Asubuhi mama mkwe ananipigia: mzee yuko Kisii, amepanda pikapu ya jirani inayoleta ndizi sokoni, amepitia kliniki ya macho, na saa saba atakuwa kwenye benchi la Mama Brayo. Halafu akaongeza, "Anataka kumwona mbwa."

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa, na ndiyo sababu nasema mkasa wote nimeupika mwenyewe. Ningesema Bosco anaharisha. Ningesema ukweli. Lakini nikawaza, kumshusha dakika mbili kuna nini, mzee amwone, aridhike, nimpandishe. Bosco alikuwa ameshautafuna mkanda wake wa ngozi, nikamwomba Mama Hansa kipande cha kamba ya pazia, ile ya nailoni isiyokatika, akanikatia akiniangalia juu ya miwani, akasema, "Moraa, kamba hii ni ya pazia, si ya ng'ombe." Nikasema ni ya dakika mbili tu.

Nikafika nyumbani mbio. Bosco aliniruka kama kawaida, nikamfunga kamba shingoni, nikashuka naye. Mlango sikuufunga. Si nilisema dakika mbili?

Mzee alikuwa amekaa wima, kofia gotini, mwavuli pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu na yanatoa machozi. Walikuwa wamemtia ile dawa ya kupanua mboni ili daktari aone ndani, akaambiwa hadi jioni ataona kama mtu aliye ndani ya ukungu. "Mokamwana," akaniita, yaani mke wa mwana, "nakusikia lakini nakuona kama mti." Watu wa benchi wakacheka. Palikuwa na vijana wawili wa bodaboda wanakula, na wamama watatu wa soko, na Mama Brayo mwenyewe na mikono yake yenye unga.

Bosco akamnusa. Akanyamaza. Halafu akaanza kulia ile sauti nyembamba, mwili mzima unatikisika hadi mkiani, kwa sababu nadhani alinusa kwao kwenye suruali ya mzee, majani chai na moshi na mama yake. Mzee akampapasa kichwa, mgongo, mbavu. Akakaa sana kwenye mbavu. "Amekonda," akasema.

"Ni kukimbia, Tata," nikasema. Mungu anisamehe.

"Nipe nimshike."

Mtu mwingine angempa kamba mkononi, ikawa basi. Lakini mimi na Tata hatupeani kitu mkononi. Nikafanya nilivyofunzwa, nikaiweka kamba juu ya benchi, kando yake, nikarudi nyuma hatua moja. Yeye akapapasa, akaipata, na kwa kuwa haoni na amezoea ng'ombe, akaizungusha kwenye kiganja mara mbili, akavuta ikakaza. Nikamwona akiikaza. Nikataka kusema, nikaona nitamvunjia heshima mbele ya watu, mzee aliyefuga mbwa kabla sijazaliwa.

Na papo hapo Mama Brayo akafunika maharagwe yake. Kifuniko kilikuwa kimepinda hakitaki kukaa, akakigonga kwa mwiko. Kang kang kang!

Sijawahi kuona mtu mzima akiondoka kwenye benchi namna ile. Kofia ilibaki hewani. Mzee alipita mlango wa ploti akiwa wima bado, mkono mmoja mbele kama anayesalimia umati, miguu ikifuata kwa sababu haina la kufanya, na mmoja wa wale vijana akapiga kelele, "Buda, achilia kamba!" lakini kamba ya nailoni ikishajikaza kwenye kiganja haiachiliki, muulizeni Mama Hansa. Miguu ya mzee ina nguvu, amepanda vilima vya majani chai miaka sitini, laiti angekuwa mnyonge angeanguka ngazi ya kwanza na mambo yangeishia hapo. Hakuanguka. Alipanda.

Nami nikawa nyuma yake hatua moja. Hapa ndipo mnaponicheka kila mara, na mna haki. Koti lake lilikuwa linapepea mbele ya uso wangu, ghorofa ya kwanza, ghorofa ya pili, ningenyoosha tu mkono nikashika pindo, lakini mikono ilikataa! Haimgusi baba mkwe. Nikawa nakimbia nikipunga mikono hewani huku nasema "Tata! Tata! Kushoto! Ngazi!" kama mtu anayeelekeza lori lirudi nyuma. Na yeye, akihema, ananijibu, "Mokamwana, tunakwenda wapi?"

Mlango ulikuwa wazi. Wakapita. Sebule wakaipita. Bosco akaruka kitandani kwangu, kitanda ambacho sikuwa nimekitandika, na kamba ikamvuta mzee, akageuka nusu na kukaa. Puu. Katikati. Na juu ya kichwa chake, kwenye ile kamba niliyowaambia muiweke akilini, zikining'inia moja baada ya nyingine, zile nguo ambazo hata mama yangu mzazi hajawahi kuziona. Moja ilikuwa imemgusa sikio.

Nyuma yangu watu wakafika. Mama Brayo, wale vijana wawili, mama mmoja wa soko bado ameshika chapati. Mama Brayo akatazama, akasema, "Yaaye!" akawafukuza wale vijana na kujifunika uso kwa aproni. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini mwa chumba changu mwenyewe, siwezi kuingia kwa kuwa baba mkwe yumo, siwezi kuondoka kwa kuwa baba mkwe yumo. Machozi yalinitoka. Sikuwaza juu ya mbwa hata kidogo, niliwaza mume wangu atasema nini, nikawaza mama mkwe, nikawaza kwamba miaka minne ya kuheshimiwa imekwisha hivi, juu ya shuka isiyonyooshwa.

Mzee alikuwa ametulia. Nafikiri alitambua kwa kupapasa godoro yuko wapi, maana alisimama upesi kana kwamba ameketi juu ya jiko. Akafungua kamba kiganjani, akaiacha ianguke. Akaanza kutoka, mkono ukutani, akifuata ukuta wa sebule, sisi sote tumejibana upande wa pili tumpishe, hadi mkono ukafika kwenye mlango, ule upande wa ndani wa mlango uliokuwa wazi. Akagusa leso.

Sikuwaambia bado kuhusu hiyo leso, si ile ya Bosco ya kitandani. Niliitundika pale kwa msumari miezi miwili kabla, ili mume wangu akija asione. Kabla ya leso nilibandika kalenda, Bosco akaichana.

Mzee akaisukuma leso pembeni ili ajishikilie, na vidole vyake vikaingia kwenye mbao. Akasimama. Akarudisha mkono, akagusa tena, taratibu. Ilianzia usawa wa kiuno, mistari, mingi, mmoja juu ya mwingine, mingine imeingia ndani kiasi cha kulaza kidole. Akaifuata kwenda chini, akapiga goti na suti yake, akaifuata hadi karibu na sakafu, pale ambapo mbao ilikuwa imekuwa nyembamba inachubuka. Hakuwa anaona kitu. Alikuwa anausoma ule mlango kwa mkono, na nilijua kila mstari anaousoma, kwa sababu nilikuwa naupita mlango huo kila asubuhi saa mbili kasorobo, nikiusikia ukianza kukwaruzwa kabla sijafika ghorofa ya pili, na naongeza mwendo nisisikie.

"Anakaa humu peke yake kwa saa ngapi?" akauliza, bado amepiga goti.

Nikafungua mdomo, na ule uwanja ulikuwa tayari ulimini, nyasi na watoto na mpira. Nikaumeza.

"Saa kumi, Tata. Napunguza kidogo mchana."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Sabato."

Mama Brayo alikuwa ameacha kucheka. Mzee akainuka, akapangusa goti, akanyoosha mkono kuelekea niliko, kiganja wazi, chenye alama nyekundu ya kamba. "Lete."

Bosco alikuwa bado yuko kitandani, ulimi nje, anangoja sahani yake, maskini, kazi yake aliifanya vizuri kama nilivyomfunza. Nikaokota kamba, akashuka. Nikatafuta pa kuiweka mzee aichukue. Kochi liko mbali, meza iko mbali, na mkono wake ulikuwa pale umenyooka hauoni. Nikampa mkononi. Vidole vyetu viligusana. Vyake vilikuwa baridi na vina vumbi la mbao.

Alishuka akishika ukuta, Bosco akitembea kando yake polepole, hata kamba haikunyooka. Kijana wa bodaboda akamrudishia kofia. Pikapu ilipokuja wakapanda nyuma pamoja na vikapu vitupu, na Bosco hakunitazama. Alikuwa anatazama mbele, pua hewani. Nikarudi kazini, nikachelewa nusu saa, Mama Hansa akanitazama usoni na hakuuliza kamba iko wapi.

Jioni nikageuza ufunguo na hakuna aliyeruka. Nililia kuliko nilivyolia mchana. Ndipo nilipoelewa kwamba ule ulinzi niliousema ulikuwa uongo mwingine. Mwizi hakuwa amerudi kamwe. Nilitaka tu niwe na mtu wa kunifurahia nikifungua mlango, na ili nipate dakika zile tano za kufurahiwa, yeye alilipa mchana mzima, kila siku, kwa kucha zake.

Kuhusu ile aibu, mama mkwe aliikata siku hiyohiyo. Alinipigia simu akicheka hadi akakohoa, halafu akawa mkali, akasema jambo limezungumzwa na limeisha: mzee alikuwa na dawa machoni, hakuona nyumba, hakuona chumba, hakuona kitanda wala kilichoning'inia, na asiyeona hajaingia. Mume wangu alikubali. Nyaramba nzima ikakubali. Ni Mama Brayo tu ambaye hajakubali.

Nilikwenda kwao likizo ya Desemba na mume wangu. Bosco alinijia mbio, akaniruka, akanilamba hadi shingoni, nikasema ah, ananikumbuka. Halafu akageuka, akateremka katikati ya mistari ya majani chai hadi mtoni, akapanda upande wa pili, akawa kidoa cheusi, akarudi, akateremka tena. Nilikaa nikimtazama karibu saa nzima. Nikachukua sufuria jikoni, nikagonga kifuniko (aibu nyingine, hii hakuna aliyeiona). Aligeuza kichwa, akafikiri, akaendelea.

Mama mkwe akatoka nyuma ya nyumba amepakata kitu kwenye kanga. "Jike limezaa tena," akasema. "Sita. Chukua mmoja, nyumba isiwe kimya." Kilikuwa cheupe, macho ndiyo kwanza yanafunguka, kikanishika kidole kwa ufizi. Nyumba ni kimya kweli. Nilikinusa kichwani, nikamrudishia, nikasema hapana, mama, mimi naondoka saa mbili kasorobo narudi saa kumi na mbili na nusu, na sina uwanja. Nilisema kwa sauti, kwa sababu mzee alikuwa ameketi ng'ambo ya ua, mbali inavyotakiwa, macho yake mazima sasa, akisoma Biblia yake.

Hakuinua uso upesi. Alimaliza mstari wake kwanza. Halafu akanitazama, akavua kofia, akairudisha kichwani.

Mwenye ploti anasema siku nikihama lazima nibadilishe mlango. Nitaubadilisha siku hiyo ya kuhama, si kabla. Leso nimeitoa mlangoni, huwa najifunga nikipika.